Watu Wawili Kwenye Daftari la Lango

Jumapili, 14 Julai

Kwako Mama mkwe,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza maumivu na ile dawa ya kuchua haijaisha. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, kazini naenda. Juzi niliitia cherehani mafuta.

Wiki iliyopita nilipanda hadi lile ziwa la juu mlimani, ambalo mwanao aliniahidi tangu tulipooana. Langoni kuna daftari: kila anayepanda huandikwa, akishuka jina lake hukatwa. Nikaandika, nikaanza safari.

Njia ni kali, Mama. Mwendo wa saa nne, mawe matupu, magoti yanakaribia kidevu. Pale ambapo angegeuka kuniuliza kama konokono wake bado yu hai, nilisimama kidogo. Ziwa ni dogo kuliko nilivyodhani, la kijani, limetulia. Nilidhani nitalia. Nilikula yai la kuchemsha, nikafunga kamba za viatu mafundo mawili kama alivyozoea, nikashuka.

Mlinzi wa lango alifungua daftari akauliza mwenzangu yuko wapi. Nikamjibu yuko nyuma, anakuja. Akacheka, akataka kujua ni mume gani huyo, anatembea au anahesabu mawe. Akanipa chai, tukangoja. Mvua ilipoanza aliacha utani, akawatuma wenzake wawili wakamtafute. Niliwatazama wakivaa makoti ya mvua, nimeshika kikombe.

Mama, nilikuwa nimeandika watu wawili. Jina lake juu, langu chini, kama alivyokuwa akituandikisha kila mahali. Hilo mkono ulilifanya wenyewe. Lakini kusema anakuja, nilisema nikijua. Unakumbuka hata mazishini wewe ndiye uliyekuwa ukiwajibu watu. Wale wawili walikuwa wameshapita kona ya kwanza nilipomwambia mlinzi kwamba mume wangu alifariki mwezi wa pili. Sikuwa nimewahi kulitamka neno hilo. Hakunigombeza. Alipuliza filimbi, wakarudi wameloa, nikawaomba radhi.

Kisha akanisogezea daftari na kalamu, nikate mwenyewe. Nilikata langu. Lake lilinichukua muda, hadi chai ikapoa, na hakuna aliyeniharakisha.

Nisalimie wifi na watoto. Ukimwombea mwanao, nikumbuke na mimi.

Ni mimi mkweo,
Konokono