Makofi ya Mlangoni

Ijumaa jioni. Upepo, vumbi, baridi kidogo.

Wewe unayesoma, nakuomba sana: hata neno moja lisitoke hapa. Nina miezi miwili tu kama karani wa ofisi ya mtaa hapa Tunduma, bado niko kwenye majaribio. Mtendaji akijua, kibarua changu kimeota nyasi.

Asubuhi mzee mmoja mwenye koti la kahawia alisimama mlangoni, akainama kidogo, akapiga makofi mara mbili huku ananitazama.

Nilimchukia kabla hajafungua mdomo.

Kwa shangazi, Tabora, nilikokaa nikisoma sekondari, hakuna aliyeniita kwa jina. Shangazi akipiga makofi mara mbili, natoka jikoni mbio. Miaka minne.

Mzee aliniwekea mezani karatasi ya balozi wake wa nyumba kumi. Sikuisoma. Nilimwambia mtendaji hayupo, aje Jumatatu.

Mtendaji alikuwa chumba cha pili, anakunywa chai.

Mzee hakubisha. "Haya mwanangu, asante." Akapiga makofi tena, taratibu, akaondoka.

Mama Tumaini, mhudumu wetu, aliacha kupiga deki.

"We binti! Mzee kakusalimia kwa heshima zote hizo, umemnunia. Ulitaka alale chini kabisa?"

"Ile ilikuwa salamu?"

"Sisi Wanyamwanga ndivyo tunavyomsalimu mtu wa heshima. Kwani kwenu mnasalimiana kwa mateke?"

Ndipo nikasoma ile karatasi. Anaomba barua ya kuvukia mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Dada yake anazikwa huko kesho saa nane mchana.

Nilikimbia hadi barabarani. Malori tu.

Barua nimeiandika. Nimeichanganya na nyingine, mtendaji akasaini na kugonga muhuri bila kuuliza. Ningeweza kumweleza. Niliogopa.

Yule mzee si shangazi; hajawahi kuniagiza hata maji ya kunywa.

Basi lile ombi la siri nalifuta. Mtendaji akisoma, asome. Ukimfahamu mzee wa koti la kahawia mwenye msiba Nakonde, mpelekee habari leo hii. Kesho ofisi imefungwa, lakini kuanzia saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa kwenye ngazi za mlango wa mbele: sweta jekundu, miwani, bahasha ya kaki mkononi. Asihangaike kuuliza jina langu. Apige makofi tu.

Mama Tumaini amenifundisha namna ya kuitikia.