Pushapu za Kurudi Safuni

Jumatano. Kilindoni imeamka na mawingu mazito yasiyotaka kunyesha. Bati la nyumba liko kimya, na mimi pia. Mpaka sasa nimezungumza na mtu mmoja tu.

Leo nimeshuka sakafuni kwa mara ya kwanza.

Naandika kwa vidole vizito, kwa hiyo makosa ya herufi mtanisamehe, kama mpo mnaosoma. Mwanangu Saada alinifungulia blogu hii kabla hajarudi Dar es Salaam. Alisema niandike tu, watu watakuja wenyewe. Hawajaja wengi. Pengine ndiyo maana naweza kusema ukweli humu.

Ukweli ni kwamba napiga pushapu ishirini kila siku, na sizipigi kwa ajili ya afya.

Nilianza masika yalipoisha. Nakaribia miaka themanini, na moyo wangu, kwa maneno ya daktari, umechoka. Hakuna dawa ya kuurudisha ulikotoka, ipo ya kuubembeleza tu. Sikumwambia habari za pushapu. Saada nilimwambia kwamba nanyoosha viungo, akafurahi mno kwenye simu, nami nikaona haya. Ishirini, bila kuruka siku, hata siku ya homa. Kwanza nilisimama nikausukuma ukuta. Baadaye nikahamia kwenye meza. Kisha kwenye ubao wa kitanda, na hapo nilikwama muda mrefu. Nilijiwekea lengo moja: kufika chini kabisa na kuinuka mwenyewe, kabla ya Ramadhani.

Wazo lilinijia Utende, kwenye ofisi za hifadhi ya bahari. Tuliitwa wazee kujadili mipaka ya uvuvi, nami nikafika mapema, viti havijapangwa. Askari wa hifadhi walikuwa mchangani wanapiga pushapu. Nilikuwa mbali, na macho yangu si mazuri. Kwa muda mfupi nilidhani wanasujudu.

Nilirudi nyumbani na wivu.

Mimi nasali juu ya kiti. Magoti yangu yalikwisha zamani, yakifika chini hayanipandishi tena, ila mikono huenda ikaweza. Pale msikitini kuna kiti cheupe cha plastiki, na wanafunzi wangu wa zamani, ambao sasa wana ndevu na wajukuu, waliniwekea mwisho wa safu, karibu na dirisha, kwa adabu zote. Hata zulia walilikunja kidogo ili miguu ya kiti itulie. Wenzangu wakisimama wanasogeleana, bega kwa bega, hakuna mwanya. Safu ikifika kwangu inakatika. Aliye karibu yangu anaacha nafasi asije akanigonga. Wakisujudu, nabaki juu peke yangu, natazama migongo.

Nilivumilia kwa muda. Kisha nikawaambia kwamba daktari amenikataza kupanda ngazi za msikiti, nikabaki kusali nyumbani. Ngazi zenyewe ni tatu. Daktari hajakataza kitu.

Huo ni uongo wangu, na sitaki kufa nao.

Tangu mke wangu Zuhura afariki hakuna anayenigusa. Nesi hunifunga ule mkanda wa kupimia presha, anaukaza, anaufungua, basi. Barabarani napewa shikamoo tangu ninapotoka mpaka ninaporudi, naitika marahaba mpaka koo linakauka. Heshima ninayo tele. Lakini heshima watu hunipa wakiwa wamesimama mbali kidogo. Bega la mtu nililipata safuni tu, mara tano kwa siku, bila kuomba wala kueleza. Sikujua kwamba nilikuwa nalihitaji hivyo mpaka nilipokalishwa kwenye kiti.

Gulamu, mwenye duka karibu na soko, rafiki yangu tangu tukiwa watoto, aliponiuzia dawa ya kuchua aliniuliza mikono imefanya nini. Nikamwambia pushapu. Akanitazama juu ya miwani yake.

"Mwalimu, unaoa?"

Nikamjibu kwamba naposa.

"Basi tafuta mwenye nguvu," akasema, "apate kukubeba."

Wateja walicheka, nami nikacheka. Nilipofika nusu ya njia ya kurudi, lile neno la kubebwa likaanza kuniuma.

Asubuhi hii nilitandika mkeka kando ya kitanda. Nilijishusha kwa kushikilia ubao, goti moja, kisha la pili, kisha viganja. Pushapu ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili nilishuka salama, nikainuka nusu, mikono ikaniacha. Nikatua kifudifudi, paji la uso juu ya mkeka.

Nilisikia harufu ya ukindu. Miaka mingi sijaisikia kwa karibu vile. Nikatambua kwamba nimefika pale pale nilipokuwa nikipataka. Nikasema maneno ya sijida mara tatu, kisha nikayarudia, kwa kuwa hakukuwa na imamu wa kunihimiza. Nililia kidogo.

Kisha nikataka kuinuka.

Sikuweza. Nilijaribu, nikapumzika, nikajaribu. Simu ilikuwa mezani, na meza ilikuwa mbali kama kijiji cha Kanga. Nje nilisikia pikipiki, nikasikia wanawake wakipita wanabishana kuhusu bei ya dagaa. Ningeita wangenisikia. Nilifumba mdomo. Nawaambieni, nilikuwa tayari kufia pale kuliko kuinuliwa na watu wawili huku wa tatu akinishikia kikoi.

Nilipogeuza shingo nikaona chini ya kitanda mbuzi ya kukunia nazi ya Zuhura. Nilidhani tuliigawa pamoja na vitu vyake vingine. Imejaa vumbi, lakini kikalio chake bado kinang'aa pale alipokuwa akikaa jioni zote zile. Niliivuta kwa mguu wake, nikageuza meno upande wa ukutani, nikaweka viganja viwili pale alipokaa. Nikasukuma. Iko chini kuliko kitanda na juu kuliko sakafu, kipimo nilichokuwa nimekikosa. Kutoka hapo nikashika ubao, na kutoka kwenye ubao nikakaa kitandani, nahema kama niliyetoka Baleni kwa miguu.

Haukupita muda Bi Mwanaidi akapiga hodi na bakuli la uji. Ni jirani wa ukuta mmoja, alikuwa shoga wa Zuhura. Aliweka bakuli, akanitazama usoni.

"Mwalimu, mbona una mkeka kwenye paji la uso?"

Nikamwambia kwamba nilikuwa chini.

"Umeanguka?"

"Nimeshuka."

Aliangalia mkeka, akaiangalia mbuzi, akaelewa zaidi ya nilivyotaka. Aliniuliza kwa nini sikumwita, ilhali yeye hunisikia hata nikikohoa. Nikamwambia kwamba sikutaka kuinuliwa. Alinipangusia vumbi begani kwa ncha ya kanga yake, bila haraka, kama anavyofanya kwa wanawe.

"Zuhura nilimwinua mimi mpaka siku zake za mwisho," akasema. "Ulikuwa hapo hapo. Ulimwona amepungua heshima?"

Nilichukua bakuli, nikalishika kwa mikono miwili. Alisema uji ninywe ungali moto, akaenda zake.

Sasa ni mchana. Nimekaa na swali lake tangu hapo, na bakuli ni tupu.

Hapana, sikumwona amepungua. Hata siku moja.

Nilikusudia kurudi msikitini siku nitakayotimiza ishirini sakafuni. Leo nimepata moja na nusu, na huu moyo haujaniahidi Ramadhani. Kwa hiyo nitakwenda Ijumaa hii. Nitapanda zile ngazi tatu na nitawaambia kwamba daktari hakuwahi kunikataza. Kiti nitakiacha pale dirishani. Nitasimama katikati ya safu, nitashuka na wenzangu, na kama mikono itagoma, aliye kulia kwangu atanishika kwapani mbele ya msikiti mzima. Huenda akawa yule niliyemchapa kwa ajili ya jedwali la kuzidisha kwa saba. Atakuwa na haki ya kucheka.

Pushapu siachi. Kesho nitaanzia kwenye mbuzi, ishirini, kama kawaida.

Ila najiuliza: nilitaka bega la mtu, sikutaka mkono wake. Hivi nilidhani vinatenganishwa vipi?