Mkono Uliofungua Mlango

Hyattsville, Jumanne jioni

Kuna jambo nimelificha miaka yote hii, na leo uongo wangu umerekodiwa.

Noa, Mwisraeli anayetengeneza filamu peke yake bila kampuni, alitaka nifungue mlango wa sebuleni mara saba ili aurekodi mkono wangu tu. Filamu inahusu watoto wa jirani walioponea nyumbani kwetu Bujumbura, wakati wa vita.

"Polepole, Babu. Kama usiku ule ulipowafungulia," Noa akasema.

"Babu umekuwa staa!" mjukuu wangu akacheka.

Mara ya saba mkono uling'ang'ania kitasa. Noa alidhani ni ugonjwa.

Kesho anamaliza kurekodi. Daktari amesema sina muda mrefu. Nisiposema kesho...

Usiku ule mlango ulifunguliwa na marehemu mke wangu. Mimi nilikuwa nimeshika kitasa, nikimzuia.