Nafasi ya Hatua Moja

Bunia, tarehe 12 Februari 1984

Mujomba wangu,

Nakusalimu toka Bigo, mtaa wetu. Siye tuko wazima. Mama analalamika magoti, lakini jana alikwenda sokoni kwa miguu na kurudi na hasira ya bei, kwa hiyo najua atapona. Kifua chako kikoje? Na ule upepo wa ziwa la Mwanza, unakuachilia ulale?

Nimepewa kazi ya kupanga kartie mpya, yaani mtaa muzima, pembeni ya Bigo, pale palipokuwa depo, lile ghala la kahawa. Tunataka makundi matatu ya watu ambao hawajuani wakae pamoja: watafiti wenye maabara ya udongo na mbegu, mafundi na wachuuzi, na wakaaji wenyewe. Makaa yanatoka mbali sasa, njia ya Mambasa, na bei yake inapanda kila msimu. Roger, mkuu wa watafiti, amebuni jiko la udongo linalokula nusu ya makaa. Mama Emérance, kiongozi wa wafinyanzi, na wanawake wake watafinyanga majiko hayo na kuyauza. Takataka za soko zitakuwa mbolea, na maji ya mvua yatakusanywa.

Mama Emérance aliniuliza mbele ya wote: “Weye unatuletea kartie, ama unatuletea ofisi ingine?”

Shida ni kwamba karatasi za kadastre, ofisi ya kupima viwanja, ziliungua mwaka ulioondoka. Mama anasema kila kiwanja cha hapa ulikipima weye kwa mkono wako. Unaweza kutuchorea?

Mupwa wako,
Félicité

(Ofisini ninatumia lile jina lingine la kiasili, la authenticité ya serikali. Kwako nabaki na la ubatizo.)


Mwanza, tarehe 30 Aprili 1984

Mpwa wangu Félicité,

Amani iwe kwenu. Kifua kinakohoa asubuhi na kunyamaza mchana, kama mwanafunzi mvivu. Mwambie dada yangu Suzanne apake magoti mafuta ya moto, aache kugombana na wachuuzi.

Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo yake imechanika. Ramani hiyo hapa. Nimeichora bila kuangalia popote, maana miaka ishirini nimeitembea kichwani. Chemchemi iko chini ya mteremko, upande wa kaskazini. Msijenge choo juu yake. Jiwe la kadastre liko kwenye kona ya depo. Kutoka hapo unaanza mstari wa ile mimea ya mpaka, yenye majani marefu kama panga, unaotenga depo na nyumba za watu.

Umeniomba ramani, sikuombwa shauri, lakini mzee hutoa vyote viwili. Nimeona mipango mingi ya namna hii ikifa, na kila mara iliuawa na ua. Wasomi ndani, wananchi nje, halafu watu wanashangaa kwa nini hakuna anayekuja. Kartie yako isiwe na mpaka katikati. Mwenye hadubini na mwenye udongo mikononi wapite mlango mmoja.

Mjomba wako,
Evariste


Bunia, tarehe 3 Julai 1984

Mujomba,

Tunakuamkia wote. Mama alicheka kusikia habari ya wachuuzi. Mafuta amepaka, kugombana hajaacha. Anasema pia Kiswahili chako kimekuwa cha redio, na ukirudi tutahitaji mufasiri.

Ramani yako tuliitandika kwenye meza. Roger alikwenda na kamba akapima: chemchemi iko pale pale ulipoiweka. Alikunja kamba, halafu akauliza kama mujomba wangu bado anatafuta kazi.

Shauri lako nililisoma kwa sauti kwenye mkutano. Mama Emérance alisimama akasema: “Muzee huyu anatujua.” Tokea siku ile wanawake wamekubali. Tumeamua kazi ya kwanza iwe kuondoa mstari wa mimea ya mpaka. Tutafanya tarehe 15 Agosti, baada ya misa, kila kundi ling’oe kwa mikono yake.

Kitu kimoja hatukuelewa. Katika mstari umechora nafasi ya hatua moja, bila mmea. Tulikwenda kuangalia, kweli iko. Palikuwa na mlango?

Mupwa wako,
Félicité


Mwanza, tarehe 9 Agosti 1984

Félicité, mtoto wa dada yangu,

Salamu zitangojea. Barua yako imefika leo mchana. Hii naituma kwa mkono wa Anaclet, mfanyabiashara wa samaki anayepita Uganda kwenda Kasenyi, jirani na kwenu, maana posta haitafika kabla ya tarehe 15.

Usiuguse ule mstari.

Mama yako alikuwa Mambasa wakati ule, na mimi sikumwambia mtu. Novemba 1964, katika vita vya waasi, tulijificha nyuma ya depo, mke wangu Adèle na mimi. Siku zake zilitimia pale. Mtoto hakulia. Adèle alifuata kabla jua halijapanda. Niliwazika pamoja, kwa jembe la kuazima, nikisikia risasi upande wa soko, halafu nikakimbilia huku.

Wakati ule watu walikuwa wakifukua makaburi mapya wakitafuta mali. Weye umekulia kwa masista Kisangani, labda hukufundishwa: kwetu mmea ule hupandwa mpakani, na hupandwa pia kichwani mwa marehemu. Kwa hiyo niliwalaza ndani ya mstari wa mpaka, nikapanda vijiti viwili vya mmea ule katika mstari mmoja na vingine, ili kila apitaye aone ua tu. Pembeni yao niliacha hatua moja. Si mlango. Ni mahali pangu pa kulazwa.

Niliandika “mpaka” kwenye ramani kwa sababu nimeuita hivyo miaka ishirini, hata moyoni. Nami ndiye niliyewaambia mwondoe mipaka. Hatua kumi na saba kutoka jiwe la kadastre. Iacheni miwili hiyo tu, mingine ondoeni.

Evariste


Bunia, tarehe 20 Agosti 1984

Mujomba wetu,

Natumaini unasoma hii ukiwa na afya, maana inabeba furaha. Imefanyika. Mafundi walianza upande wa juu, watafiti upande wa chini, wanawake katikati. Roger aliharibu suruali yake ya pekee na watoto wakamuimbia. Mimea miwili, karibu na ile nafasi, iligoma sana. Mama Emérance alivuta mpaka akaanguka, akasema: “Kuko mutu chini anaivuta.” Tulicheka wote.

Jiwe la kadastre tumelitia kwenye msingi wa karakana ya majiko, kwa heshima yako. Sasa watu wanapita toka nyumba mpaka maabara bila kuzunguka. Ningetaka uone.

Mupwa wako mwenye kujivuna,
Félicité


Bunia, tarehe 2 Novemba 1984

Mujomba,

Sijui niulize afya yako kwa mdomo gani.

Anaclet alizuiliwa mpakani wiki tisa. Barua yako ya Agosti nimeipokea juzi. Leo ni siku ya marehemu, na mama amekuwa makaburini tangu asubuhi, anatembea katikati ya makaburi ya watu wasio wetu.

Nimesimamisha kazi. Nilikwenda na kamba kuhesabu hatua kumi na saba, lakini kuhesabu toka wapi? Jiwe limehama, ukuta wa depo tumebomoa, udongo umesawazishwa. Roger anadhani ni chini ya karakana, au njia inayopita kando yake. Sakafu ilikuwa imiminwe wiki hii. Wenye kutoa feza ya kartie watangoja mpaka Pasaka, halafu watapeleka feza hiyo Irumu.

Nilisoma barua yako mbele ya wanawake, nilidhani ni haki yao. Mama Emérance alifunika uso kwa kitambaa. Baadaye akasema: “Mutu alizikwa na haraka. Siye hatuwezi kumuamusha na haraka.” Hawatawasha tanuru ya kuchomea majiko mpaka uje.

Mimea tuliyong’oa tuliitupa karibu na chemchemi. Imechipuka yote. Nimeigeuza mmoja mmoja nikitafuta miwili yako. Inafanana.

Kuja, mujomba. Simama tu pale, miguu yako itajua.

Félicité


Mwanza, tarehe 6 Januari 1985

Mpwa wangu,

Salamu kwako, kwa Suzanne, na kwa mama Emérance ambaye sijawahi kumwona. Mwambie asifunike uso. Alivuta kwa sababu mimi nilisema ivutwe.

Nilifunga sanduku Desemba. Daktari alisikiliza kifua, akalifungua sanduku mwenyewe. Anasema sitafika hata Bukoba. Nimechora ramani ile mara tatu tena, lakini bila jiwe haishiki popote, na mimi nilikuwa mtu wa kupima. Sitakudanganya kwa kukisia.

Msichimbe. Adèle alikuwa mfinyanzi wa vyungu, hukujua hilo pia. Moto wa tanuru hautamsumbua. Mimineni sakafu kabla ya Pasaka, wasipeleke kazi yako Irumu. Mimea iliyochipuka ipandeni yote kandokando ya njia, bila kuchagua. Miwili kati yake itajijua.

Na ile hatua moja niliyojiwekea, usiizungushie kitu, wala usiniandikie jina juu yake. Umesema watu wanapita hapo kutoka nyumba mpaka maabara. Waache wapite.

Mjomba wako,
Evariste