Kishikwambi cha Mama

Likoni, Mombasa

Kwako ndugu yangu Mansur,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima huko Doha, kazi haijakuelemea na joto halijakutoa roho. Sisi twamshukuru Mungu. Mimi ni mzima, na nikiwa mzima wajua nagombana na watu. Naituma kwa mkono wa Suleiman, anayerudi huko Ijumaa, kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza neno, na hili lazima nilimalize.

Uliniuliza kama yafaa umnunulie Mama kishikwambi, hiyo tableti, ili akuone vizuri. Ulisema simu yangu ina kioo kidogo, ndiyo maana mlipozungumza kwa video mara ya mwisho alivuta leso, akajifunika kichwa na kutazama kando. Nami nikakuunga mkono, nikaongeza kwamba jua lilikuwa likipiga kwenye kioo. Wallahi, niliamini.

Lakini hunijui kama wadhani nitakubali kitu cha dukani bila vita. Nilikwenda kwa Mwidani, yule auzaye simu karibu na feri, nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba biashara yake ni kuuza upweke ndani ya boksi. Kwanza twawapeleka vijana wetu wakajenge miji ya watu wengine, kisha twauziwa vioo vya kuwatazamia! Nikamwambia nchi isiyowapa watoto wake kazi isijisifu kwa intaneti. Mwidani akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kama hotuba imekwisha, maana alitaka kujua kama nataka ya inchi nane au ya kumi. Duka zima likaangua kicheko. Nikatoka bila kuaga, na hilo nakuomba usimwambie mtu.

Kabla ya kununua nikataka tujaribu. Mwanangu Nasreen akaazima moja kazini kwake. Niliikagua nikiitafutia kasoro, sikuipata: picha safi, sauti yasikika hadi jikoni, chaji yakaa kutwa. Haki ya Mungu, ni kitu kizuri. Nasreen akaweka ile video uliyotutumia Idi, uso wako ukajaa kioo, mpana kama sinia. Mama alikuwa ameketi mkekani ndani, akichambua mchicha.

Mansur, Mama alikuona. Alikuona vizuri sana. Ndipo akavuta leso akajifunika, kama anavyojifunika fundi wa bomba akiingia uani.

Ulipotoa shikamoo, akaitika marahaba kwa adabu. Uliposema ni wewe Mansur, akatabasamu, akajibu kwamba naye ana mwana wa jina hilo, yuko chuoni anasoma Kurani, atarudi alasiri. Kisha akaninong'oneza nimwambie mgeni kwamba nyumbani hamna mwanamume, aje wakati mwingine.

Daktari alikuwa amenionya kwamba kumbukumbu za Mama zinaondoka, za karibuni kwanza. Nikambishia daktari, nikamtajia na makala nilizosoma. Sasa nikambishia Mama. Nikamshikia kile kioo usoni, nikamwambia atazame, huyu ndiye Mansur, huyu mwenye ndevu na mvi, hakuna mwingine. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, kama nilivyozoea kuhutubia mikutanoni. Mama akakisukuma kioo kando. Akaniuliza tumemfanya nini mwanawe. Akainuka, akatoka pekupeku, akakutafuta mpaka msikitini akiita jina lako, na watu wakisimama kumtazama. Nasreen ndiye aliyemfuata akamrudisha. Mimi nilibaki mkekani na kile kioo mkononi.

Basi jibu langu ndilo hili: usinunue. Njoo. Omba likizo, na wakikunyima, omba tena. Ukifika usimkimbilie kumkumbatia, utamtisha. Piga hodi, ngoja ukaribishwe, kaa barazani kama mtu baki. Mwamkie, kisha muulize habari za Mansur. Atakusimulia mengi, utauona uso wake unavyong'aa. Msikilize tu, ndugu yangu. Usimsahihishe hata neno moja. Mimi nilimsahihisha, na tangu siku hiyo, kila alasiri, hukaa mlangoni hataki kuingia ndani.

Nasreen anakusalimu sana, na Mwidani, na jirani zetu wote. Nilimwambia Mama kwamba namwandikia mtu aliye Doha, nikamuuliza kama ana salamu zake. Akasema hana mtu huko. Akafikiri kidogo, akaniambia niandike kwamba hata hivyo anamwombea huyo msafiri, Mungu amrudishe salama kwa mamake.

Ni mimi dadako,

Dhahabu