Kibao Mbele ya Nyumba ya Kocha

Mtaa wa Elm 418,
Kessel, Iowa.
22 Februari 1987.

Mpendwa mdogo wangu Ardis,

Salamu kutoka kwenye theluji ndogo ya huku kwenda kwenye theluji kubwa ya Alaska. Hujambo wewe, na shemeji Clifford hajambo? Mgongo wake umepoa, au bado anainuka kitini kwa awamu? Sisi tu wazima. Binti yetu Trudy anakohoa kidogo, lakini mdomo wake haujapunguza kazi. Shemeji yako Lowell mwili mzima, roho ndiyo inayougua.

Timu inafungwa, mdogo wangu. Tangu Krismasi hatujaonja ushindi hata wa bahati. Vijana wa chuo wanakimbia vizuri na kuruka vizuri, ila mpira ndio hautaki kuingia kikapuni. Watu waliokuwa wakigombania kumnunulia Lowell kahawa pale mgahawani, sasa akiingia wanajifunika na gazeti.

Wewe uliyenisindikiza kanisani siku ile unajua kwamba niliolewa na begi la safari. Kule Missouri Lowell alikuwa msaidizi wa msaidizi wa kocha, kazi yake kufua jezi. Dakota Kusini akapanda cheo, jezi akafua mwingine, yeye akaendesha basi la timu. Kisha Nebraska, kisha Kansas, ambako kocha mkuu alifukuzwa na wasaidizi wake wakafagiliwa pamoja naye. Hapa Kessel ndipo alipopata ukocha mkuu, na hatujawahi kukaa mahali muda mrefu kama hapa. Nimepanda mawaridi, Ardis. Mke wa kocha hapandi mawaridi.

Sasa wiki iliyopita bosi wake wa zamani akapiga simu kutoka Florida. Ana nafasi ya msaidizi kwenye chuo kikubwa, na anataka jibu kabla ya leo Jumapili. Lowell akaanza kutusifia machungwa ya huko wakati wa kula. Akasema afadhali aondoke kwa miguu yake kuliko angoje kusukumwa. Trudy, ambaye amebakiza mwaka mmoja wa sekondari, aliacha viazi vyake akapanda chumbani. Mimi nikaosha vyombo kwa kelele. Niseme ukweli, moyo wangu ulikuwa umekataa kabisa. Lakini miaka yote hii nimefungasha bila kuulizwa, na sikujua mtu anaanzia wapi kukataa.

Ijumaa wakafungwa tena, tena hapa nyumbani, na desturi ya huku unaijua. Asubuhi tuliamkia kibao cha INAUZWA kimechomekwa kwenye theluji mbele ya nyumba. Vijana hukiiba kwa mtu anayeuza kweli wakamletea kocha anayefungwa, kumwambia ahame. Jirani yetu Bibi Hulda alikuja kutupa pole na bakuli la tambi za kuoka, kwa sauti ile ya msibani. Lowell akasema kiachwe, kwa sababu akiking'oa watajua kimemuuma.

Basi kikaachwa. Saa nne mlango ukagongwa. Walikuwa wazee wawili, Bwana na Bibi Brandvold, wakulima wa kaskazini mwa wilaya, wamevaa nguo za kanisani siku ya Jumamosi. Wanatafuta nyumba ya mjini, wameona kibao, wanaomba kutazama ndani. Nilikuwa nafungua kinywa nieleze, Lowell akatokea nyuma yangu na nguo za kulalia.

Nusu ya kazi ya kocha si mpira, mdogo wangu. Ni kukaa sebuleni kwa mama wa kijana mrefu, kula pai yake hata kama imeungua, na kumshawishi amtoe mwanawe aje kuchezea chuo. Lowell ameifanya kazi hiyo tangu ana nywele. Akiona wazee wawili wanapangusa viatu mlangoni, ulimi wake unaamka wenyewe.

"Karibuni, karibuni ndani," akasema. "Mama, hebu simama hapa jikoni. Unaona? Jua la asubuhi linakukuta hapa hapa unakoroga uji wako. Na mke wangu akioka mkate, jirani anafika bila kuitwa."

"Huyo jirani ni mtu mwema?" Bibi Brandvold akauliza.

"Dhahabu. Habari zako anazijua kabla yako, wewe unapumzika."

Akawapandisha juu. Trudy alikuwa kitandani, akamtazama baba yake kama mtu anayemwona mwizi akichagua. Lowell hakukoma. Akawaonyesha mti wa dirishani unavyokuwa mwekundu Oktoba. Akawasimulia ule usiku tanuri la kupashia nyumba joto lilipozimika, mtaa mzima ukatuletea mablanketi. Mimi nilibaki mlangoni nimeduwaa. Siku zote nilidhani akiwa nyumbani haoni kitu zaidi ya kanda za mechi.

Wakati wa kushuka ngazi akasahau kabisa yuko kwa nani. Akamshika Bwana Brandvold bega akamwambia, "Na masomo yake, mzee, tutayasimamia sisi wenyewe. Usiwe na wasiwasi."

"Masomo ya nani?"

"Samahani. Ni mazoea."

Mzee akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akauliza, "Sasa kijana wangu, nyumba nzuri hivi, kwa nini mnahama?"

Lowell, anayejibu waandishi wa habari hata wasipomuuliza, akaanza kufunga vifungo vya nguo za kulalia. Mimi ndiye niliyejibu. Sikupanga, neno lilinitoka tu. "Hatuhami," nikasema. "Kibao ni cha utani. Timu yake imefungwa."

Niliona haya mbele ya wale wazee na nguo zao nzuri. Bwana Brandvold akaketi kwenye ngazi ya chini, kofia magotini.

"Cha kwetu hakikuwa cha utani," akasema. "Kiliwekwa na benki, kule shambani, tuliposhindwa deni. Chako kinang'oleka, mwanangu. Nenda ukaking'oe."

Tukawapa kahawa na zile tambi za Hulda, wakala, wakaaga. Kisha Lowell akatoka na ndara zake kwenye theluji, akakivuta kibao, akaanguka chali nacho mtaa mzima ukitazama. Alipoingia akapiga simu Florida, mimi nimesimama pembeni yake. "Nashukuru sana, kaka, lakini mke wangu amekataa," akamwambia. "Na mimi nimekataa pia, ila yeye amenitangulia." Nililia, Ardis, na wala sikuficha.

Usidhani mambo yamenyooka. Jana usiku wakafungwa tena, kipigo cha kuwaonea huruma, na kesho asubuhi mkurugenzi wa michezo wa chuo amemwita ofisini. Lowell anasema wakimfukuza ataomba kufundisha jiografia kwenye shule ya Trudy, kwani majimbo yenyewe tumeyakanyaga. Trudy anasema afadhali Florida.

Msalimie sana Clifford, na mtoto wenu Kermit mbusu kwa niaba yangu hata akikimbia. Mungu awalinde na baridi, na awape mkate na kicheko cha kutosha. Sisi utuombee kesho.

Ukinijibu, hata ukichelewa mpaka kiangazi, andika anwani hiyo hiyo ya hapo juu. Ukocha sijui kama utakuwepo, ila sisi tutakuwepo.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Marva