Mdiria Niliyempa Jina la Dada

Homa Bay,
Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute una nguvu za kuamka na kula, ingawa najua nyumba imepoa. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio sijui niuelezeje.

Simu ya maandishi ya msiba wa Dada ilinifikia Jumatatu nikiwa ziwani na yule bwana Mzungu ninayemsaidia kuchunguza ndege. Tunamtazama mdiria, yule mweusi na mweupe anayechimba shimo ukingoni na kulea humo. Kuna mmoja amevishwa pete nyekundu mguuni. Hana mke wala makinda yake, lakini kutwa nzima anawaletea makinda wa shimo lile samaki. Wiki kadhaa kabla ya msiba, bwana alinieleza kwamba ni mtoto mkubwa wa wale wazazi, amebaki kuwalea wadogo zake. Nikacheka, nikampa jina Mwanaisha.

"Lakini huyu ni dume!" bwana akasema.

"Kwetu sisi ni dada yangu," nikamjibu.

Nilitaka kumwandikia Dada habari hiyo acheke. Kila wiki nikasema nitaandika.

Okeyo, mwenye mashua yetu, alipoona nimemaliza kusoma karatasi ya simu, alinichukulia penseli ninayohesabia samaki anaoleta yule ndege. "Mimi kuandika sijui sana," akasema, "lakini kila samaki nitapiga mstari. Wewe enda kaa pale, lia." Nililia mpaka adhuhuri. Yule ndege akawa anapita juu yangu na samaki mdomoni, nashindwa kuinua macho.

Mama, kuna jambo hulijui. Mwaka jana Dada aliniandikia kwamba Bakari, yule fundi cherehani, anataka kumposa, na kwa kuwa Baba hatunaye, mimi ndiye wa kumwoza. Nilimwambia asubiri wadogo zetu wamalize shule, maana nani angekusaidia? Hakulalamika. Alijibu, "Sawa, Athumani," kisha akaniuliza kama huku kuna baridi, anitumie fulana.

Sasa homa imemchukua, na idhini niliyomnyima sina tena wa kumpa.

Nisalimie shangazi aliyemwosha, na wadogo zangu wawili, wasiache shule. Nitakuja mara tu bwana akiniruhusu. Bakari akija kutoa pole, Mama, usimwache barazani na wageni. Mwingize ndani, akae na wafiwa.

Ni mimi mwanao niliyekosa,
Athumani